Sauti Yangu Kituoni kwa Wafaransa

Mtafiti alipofika bomani kwetu, mimi nilikuwa kwenye kituo cha kununua chai, nikingoja majani yangu yapimwe. Angechelewa saa moja tu angenikuta. Alimkuta mke wa shemeji yangu, ameketi na kibuyu mapajani, na mambo yakaishia hapo.

Mtafiti huyo alikuwa msichana Mfaransa kutoka kituo cha utafiti huko Nairobi, na Kiswahili chake kilishinda changu. Alituambia kazi ya kituo chao ni kukusanya ujuzi wa watu na kuutunza, ili wasomi wa huku na wa kwao waupate. Ujuzi alioutaka kwetu ni wa mursik, maziwa yetu ya kulazwa kibuyuni na mkaa.

Wiki nzima alishinda jikoni kwa huyo mwenzangu. Nikipita na kikapu mgongoni kwenda nyumbani kwangu kule juu nasikia vicheko, naona kinasa sauti kimepewa kigoda chake utadhani ni mkwe amekuja. Roho iliniuma, sifichi. Mwanamke huyu aliolewa hapa kutoka Roret bila kujua hata mti gani huchomwa. Maziwa yake ya kwanza mbwa aliyanusa akaenda zake. Mama mkwe akaniachia mimi kazi ya kumfundisha. Nilimshika mkono nikamwonyesha jinsi ya kusugua ndani ya kibuyu kwa kijiti cha mti wa senetwet chenye kaa la moto, na jinsi ya kungoja maziwa yapoe kabisa kabla ya kumimina. Leo yeye ndiye mwalimu wa Wazungu!

Siku ya mwisho mtafiti alibisha kwangu. Chai nilimpa, sikukosa adabu. Akawasha kile kinasa sauti, akaniuliza kwa upole mimi hutengenezaje mursik. Swali hilo nilikuwa nimelingoja wiki nzima. Nikageukia dirisha.

"Mimi sijui hayo mambo," nikasema. "Uliza yule. Si ndiye anajua?"

Nilitaka anibembeleze. Yeye akashukuru, akamaliza chai yake, akaenda. Watu husema hasira hasara, lakini wivu hawajautajia bei.

Miezi kadhaa baadaye tulialikwa kwenye maonyesho katika kituo cha utamaduni cha Wafaransa, Nairobi. Nilienda nikiomba Mungu mwenzangu awe ameharibu. Tulipewa vidude vya kuvaa masikioni, tukasimama bega kwa bega mbele ya picha ya kibuyu chake. Hakukosea hata mahali pamoja. Alieleza mti, mkaa na subira ya maziwa, tena kwa maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kununa nilipomsikia mtafiti akimuuliza ni nani aliyemfundisha.

"Ni huyu wa nyumba ya juu," sauti yake ikajibu. "Mimi nilikuja hapa sijui kitu. Enda kwake, yeye ndiye anajua kunishinda."

Halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe, kavu kama jani la mahindi: "Mimi sijui hayo mambo."

Mwenzangu alivua vidude vyake, akanitazama.

"Kwani nilikukosea wapi?" akaniuliza.

Nyuma yetu wageni walikuwa wamepanga foleni, wanangoja kusikiliza.