Zuhura na Mchakamchaka wa Asubuhi

Siku ya kwanza kazini niliingia chumba cha mazoezi ya viungo na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linataka kusimama lenyewe. Mkuu wa Idara, mama mkali ajabu, akanitazama juu mpaka chini. "Binti, hapa hatuchui watu, tunawafundisha. Na somo haliishii mlangoni pa hospitali."

Nilimwelewa alipoletwa Zuhura, mtoto wa darasa la tatu kutoka Mchafukoge. Daktari alishamwandikia dawa za baridi yabisi, ugonjwa unaovimbisha viungo na kuvikaza, hasa asubuhi. Ati ni ugonjwa wa wazee! Thubutu!

Shuleni kwao siku ilianza kwa mchakamchaka, watoto wote wakikimbia na kuimba kabla ya vipindi. Saa hiyo Zuhura hata kuinama hawezi. Mchana viungo vikishalainika, anaruka kamba kama wenzake. Basi walimu wakaona anadeka, viboko vikamhusu. Mama yake alishakata shauri.

"Heri akae nyumbani, dada. Sitaki mwanangu aitwe mvivu."

"Akae nyumbani afanye nini?" nikamfokea. Uchungu ulinipanda kwelikweli.

Nikamwonyesha jinsi ya kumwogesha maji ya uvuguvugu alfajiri, kisha kumnyoosha miguu taratibu, bila kulazimisha. Halafu tukaenda shuleni wote watatu. Mwalimu Mkuu alitusikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Nimewaelewa. Fimbo basi. Lakini nikimwacha akae tu, wenzake si watamcheka?"

Zuhura akadakia, "Mwalimu, mimi si naweza kuimbisha?"

Kumbe mtoto ana sauti! Kesho yake akasimama chini ya mlingoti wa bendera, akaanzisha wimbo, shule nzima ikakimbia kwa kumwitikia yeye. Hakuacha shule tena. Ninyi mnaoanza kazi hii sasa, msikae tu na mgonjwa chumbani, nendeni mkaone asubuhi yake ilivyo.

Nimestaafu, namshukuru Mungu. Juzi nilikwenda Kariakoo kwenye duka la vitenge la Zuhura. Jua limeshapanda, duka limefungwa.

"Huyu hafungui mapema, mama," jirani yake akaniambia. "Wateja wake wanajua, wanamngoja."

Nikakaa kwenye ngazi. Nilimsikia kabla sijamwona, anakuja pole pole, funguo mkononi, anaimba.

"Shikamoo mama! Umenisubiri sana?"

"Marahaba. Fungua kwa nafasi yako, mwanangu."