Mlimau Uliokua Gizani

Kudra nilimjua tangu Kinama, mtaa wa pembeni mwa jiji, alipokuwa akikaanga mandazi, mama mkavu kama ukuni, mdomo haupumziki. Vita vya mwaka wa tisini na tano vilimkuta huko. Mumewe Tajudini akauawa mlangoni kwake, akazikwa mbiombio, hata tawi moja bichi la kuchomeka kaburini halikupatikana. Na sisi Waislamu wa Bujumbura tunajua: kitu kibichi kikiwa hai pale kichwani, kinamuombea aliyelala.

Kudra akakimbilia mtaa wa Buyenzi kwa kaka yake Ilias, fundi wa magari. Katika pindo la kitenge alikuwa amefunga mbegu za limau, lile Tajudini alilokamulia chai yake ya mwisho. Askari walikuwa wamefunga barabara ya Kinama; akaapa kwamba ikifunguka atampelekea mumewe mti mzima.

Mbegu moja ikaota ndani ya kopo la mafuta ya msaada. Uani palijaa vyuma na mbuzi wasio na adabu, kwa hiyo kopo likakaa chumbani, na dirisha la chumba lilikuwa limezibwa kwa mifuko ya mchanga, sababu ya risasi. Mti ukarefuka upesi, mwembamba, rangi yake kama kiganja cha mgonjwa.

"Mzee, angalia, unanipita kimo!" Kudra akaniambia siku nilipopita kuwasalimu.

"Mama, huu haukui. Unatafuta mwangaza."

"We unatembea sana, ndiyo maana kila kitu unaona kinatafuta njia."

Halafu risasi ya kupotea ikatoboa bati. Jua likaingia pale kama kidole, na mlimau ukainama kulifuata. Majani ya upande ule yakapata kijani. Kudra akawa anaugeuza kila asubuhi usije ukapinda. Mawingu yalipoanza, Ilias akapanda ngazi na lami ya kuziba.

"Apana, usizibe!"

"Dada, mvua itanyesha mu kitanda."

"Sogeza kitanda."

"Kitanda ni yangu!"

"Na kaburi ni ya nani?"

Ilias akashuka. Wakaweka ndoo.

Misimu miwili ya mvua ikapita, barabara ya Kinama ikafunguliwa. Nilimsihi Kudra auweke mti barazani kwanza, uzoee jua kidogo kidogo.

"Na kesho wakifunga tena, mzee?"

Nikabeba jembe, tukaenda.

Miti ya makaburini ilikuwa imekatwa yote, kuni. Tulipanda jua likiwa utosini. Kabla hatujamaliza dua, majani yakaanza kulegea, na kingo zake zikageuka nyeupe kama zimemwagiwa maji ya moto. Kudra akasimama ili kivuli chake kiuangukie. Alisimama hivyo mpaka askari wa kizuizi cha barabarani wakatupigia kelele turudi mjini. Akafungua mtandio wake, akautandaza juu ya vijiti tulivyochomeka kuuzunguka mlimau, na mama yule ambaye sijapata kuona unywele wake akarudi Buyenzi kichwa wazi.

Kesho yake barabara ikafungwa.

Ilias akaleta lami tena, akasimama chini ya tundu la bati na kopo mkononi. Kudra akautazama ule mwanga, ulikuwa umeangukia sakafuni, penye alama ya kutu ya kopo la mlimau.

"Ziba," akasema. "Kitanda cha watu kinaloa."