Mtoto wa Mjane

Bado nina hasira, na sitaki ipoe kabla sijaandika.

Hapa Bunia mtu akikwama husema, "Mimi mutoto wa mujane." Humwambia prefe aliyemfukuza shuleni, polisi aliyekamata pikipiki yake, muuguzi mwenye ufunguo wa kabati la dawa. Maana yake ni kwamba nyumbani kwetu hakuna baba, usinikaze sana. Vita vimetuachia wajane wengi hata maneno hayo yamekuwa kama salamu. Baba yetu aliuawa njiani akitoka Gety na magunia yake ya maharagwe, nasi tuliyajua maneno hayo kabla ya kujua kusoma vizuri.

Kaka yangu ni fundi wa kujenga, masoni, kama tunavyosema kwetu. Vyombo vyake ni mwiko, timazi, na ekeri, ile pembe ya chuma ya kupimia kona. Alimpenda msichana wa mtaa wa Saio, naye alipendwa. Siku ya kujitambulisha tulikwenda kwao, mama mbele na kitenge kipya, sisi nyuma na kreti za vinywaji. Msemaji wetu akasema yake, msemaji wao akajibu, akina mama wakapiga vigelegele. Kisha wakamwomba kaka yangu atoe neno kwa mdomo wake mwenyewe.

Alisimama. Mikono iliyozoea saruji haikujua pa kukaa.

"Sina mengi," alisema. "Mimi niko mutoto wa mujane. Munisaidie tu."

Mjomba wa msichana akaweka chupa yake chini. Huyu ana duka la simu, na kutwa nzima anatazama video za watu wanaofunua siri za dunia.

"Mumesikia?" akauliza. "Amesema yeye mwenyewe."

"Amesema nini?" msemaji wetu akashangaa.

"Ile ni neno ya framasoni. Moja yao akiwa mu matatizo, anaita: nisaidieni, niko mutoto wa mujane. Njo wenzake wanamutambua. Alikuwa anatafuta mutu yake humu ndani."

"Basi Bunia yote ni framasoni," shangazi mmoja wa kwao akasema, akicheka. "Hata mimi, hata weye na tumbo yako."

Watu walicheka naye. Mjomba alingoja wamalize.

"Iko anafanya kazi gani, huyu kijana?"

"Masoni," msemaji wetu akajibu.

"Na chombo yake?" Akainua simu ili wote waione alama ya framasoni kwenye kioo. "Haiko ekeri hii?"

Kicheko kikafa. Nilikiona kikifa, kinywa kwa kinywa, kama taa za mtaa umeme unapokatika. Mjomba akaongeza sauti. Akauliza nyumba ya matofali ya kuchoma aliyomjengea mama yake, kijana wa umri ule aliipata wapi. Kisha akauliza lile ambalo mpaka leo likinijia nikiwa natembea, nasimama.

"Na baba yao, nani alimutoa?"

Kwetu, kumtoa mtu ni kumkabidhi kwa mashetani ili upate mali. Baba alipouawa, kaka yangu alikuwa bado anabebwa mgongoni kuvuka mito. Mama alikuwa amekaa pale. Alilisikia swali, akavuta kitenge kufunika magoti, kana kwamba baridi imeingia.

Nikasimama mimi. Naandika riwaya, Jumamosi tunakutana na wenzangu kusomeana kurasa zetu, na kwa ajili ya kitabu nilichokuwa nakiandika nilikuwa nimesoma habari za framasoni hao na chama chao cha siri. Niliwaeleza kwamba maneno yale yote ni ya mafundi kwanza. Wale wa mikutano ya siri waliyaazima. Ekeri wakaifanya mfano wa unyofu, kompa, bikari ya kuchorea duara, mfano wa kujiwekea mipaka, na vyeo vyao wakaviita mwanafunzi, fundi mwenzi, fundi mkuu. Hata loge, jina la ukumbi wao linalowatisha watu, lilikuwa kibanda cha wachonga mawe, mahali pa kuweka vyombo na kula. Na mwana wa mjane wao ni yule fundi wa shaba wa Sulemani. Fungueni Wafalme, nikasema, yumo.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Asante, madamu mwandishi," akasema. "Sasa utuambie. Weye, nani alikufundisha?"

Hakuna aliyecheka. Kaka yangu asiyejua lolote alikuwa na hatia kwa kutojua, nami niliyejua nilikuwa na hatia kwa kujua. Ukuta wa namna hiyo hauna mlango, na walioujenga hawajawahi kushika mwiko.

Watu wa msichana wakatuwekea sharti. Ndoa ingeendelea ikiwa kaka yangu angeombewa katika kanisa lao dogo la mtaa wa Mbunya na kuukana uframasoni mbele ya watu. Msichana alimwandikia ujumbe, "Uende tu, chéri. Itaisha." Akaenda. Jumapili alipiga magoti mbele, shati limepigwa pasi, na mchungaji akamtamkia sentensi moja moja.

Alikataa ekeri ambayo kesho yake asubuhi angeishika tena kazini. Alikataa kompa, chombo ambacho hajawahi kuwa nacho. Akakataa damu aliyoambiwa kwamba aliinywa. Nilikuwa nimeketi nyuma, nikiuma mdomo, nikimsikia mtu mwaminifu akifundishwa kusema uongo kwa jina la Yesu.

"Sasa sema," mchungaji akamwambia. "Ninakataa kuwa mutoto wa mujane."

Mama alikuwa kwenye benchi la kwanza.

"Ile hapana, pasta."

"Ni neno tu ya kukufungua."

"Mama yangu iko pale."

"Mwanangu, ni jina ya shetani."

"Ni jina ya mama."

Akainuka, akapangusa magoti, akampa mama mkono, wakatoka. Msichana alikuwa upande wa wanawake. Nilimtazama nikipita. Alikuwa amesimama, mjomba wake amemshika kiwiko.

Jioni msichana akapiga simu. Kaka yangu alikuwa ananawa uani, akaweka sauti kubwa, sote tukasikia.

"Ungelisema tu," alimwambia huku akilia. "Ni maneno. Tungeliyaacha pale pale kanisani."

"Ilikuwa mama."

"Na mimi?"

Mama, aliyekuwa akichagua mchele, alisema bila kuinua macho, "Ungelisema, mwanangu. Mimi ningelibaki mujane tu."

Kaka yangu akachukua simu na kwenda nayo nyuma ya nyumba. Walichoambiana sikijui. Kreti zilirudishwa kwetu, na ndoa haikufungwa.

Juzi chaja yangu ilikufa, nikaingia katika duka la mjomba yule. Kulikuwa na watu walionitangulia. Akawaruka wote na kunihudumia mimi, macho chini, "madamu" huku, "madamu" kule, heshima ya kumwogopa mtu. Alipokuwa akinifungia ile chaja mpya, vidole vyake vilitetemeka. Ningeweza kumwambia kwamba siwezi kumfanya lolote.

Nikaviacha vitetemeke.