Manyoya ya Kuku wa Mwanamisi

Usiniambie nimezeeka nikaota. Nilikuwa macho, jua la saa sita liko utosini, kisu cha kukatia ukindu mkononi. Haya niliyaona mimi.

Mkwe wangu Kioko, mume wa mwanangu Mwanasha, ni mtu wa bara, mhudumu wa hoteli kule Diani. Mgeni mmoja alimwachia mwanzi wa kuvulia, basi akajiona mvuvi. Chambo chake ni nzi wa uongo, manyoya yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana, na mshipi anaupunga hewani mbele na nyuma kama afukuzaye nyuki. Samaki mwenyewe ni besi, wa mdomo mpana, aliyeletwa kutoka bara akamwagwa katika bwawa la nyuma ya shamba la marehemu Bakari. Na akimpata humrudisha majini. Umewahi kusikia ujinga huo? Mwanasha anapika mchicha, mumewe anaachia samaki.

Siku hiyo nilimkuta bwawani, mshipi umemzonga shingo, ndoana imenasa kofiani.

"Mama, ukishaupeleka nyuma unahesabu mbili ndipo urushe," akanieleza. "Siri iko hapo."

"Hesabu kumi, baba, labda samaki atakuonea huruma."

Nikamtazama yule nzi. Mwekundu wa kung'aa. Manyoya yale nikayajua: ya kuku wa dada yangu Mwanamisi, anayefugwa kwa ajili ya pepo wake. Hachinjwi, hauzwi, hafukuzwi hata akipanda kitandani. Asubuhi nilimwona shingo tupu nikadhani ni paka. Nikafungua mdomo nimwambie Kioko, kisha nikaufunga. Mwache, nikasema moyoni, si mjuaji huyu?

Alipojinasua na kurusha tena, besi akameza. Akamtoa, akamrudisha, akacheka peke yake. Kuinua kichwa, mwanamke amesimama kando yetu. Hakuja kwa njia, wala majini hakutoka. Hakuniamkia, na mvi zangu zote hizi. Hata pepo siku hizi hawana adabu. Leso yake mpya, lakini shingo ilikuwa vipele na matone ya damu, kama kuku aliyenyonyolewa.

"Manyoya yangu," akasema.

"Haya yana bahati, dada," Kioko akamjibu. "Ndiyo kwanza yameshika samaki. Njoo kesho nikufunze."

"Naomba mara ya pili."

Mimi nilijua ni nani anayeomba. Niamini, neno langu moja lingetosha: mpe. Lakini nilikuwa nangoja aaibike, nipate kucheka vizuri.

Kioko akampa mgongo, akarusha mshipi. Mwanamke akautazama ule mkono, mbele na nyuma.

"Basi endelea," akasema. Nikapepesa macho, hayupo.

Mkono haukukoma tangu siku hiyo. Nyuma, hesabu mbili, mbele. Amelala, unakwenda. Hotelini alimwagia wageni supu, wakamfukuza. Yule nzi tulimrudisha kwa Mwanamisi, tukafukiza ubani, tukaomba radhi; pepo hakujibu. Mwanasha humlisha akikaa upande wa kushoto, asipigwe. Mpaka leo hajui kwamba nilijua.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza uvuvi huu wa kipuuzi, uliza kwanza kuku ni wa nani. Na wewe mwenye mkwe mpumbavu, mcheke upendavyo, lakini mwambie kwanza.