Mgeni Wetu kutoka Puge

Kila siku saa mbili na robo asubuhi Tunu alifuta mikono kwenye khanga akaongeza sauti ya redio, na kila siku saa hiyohiyo Mabruki, mumewe, alipata sababu ya kwenda uani. Mara ndoo hazina maji, mara kamba ya kuanikia imelegea. Haikumsaidia. Nyumba yao ya Ng'ambo ni ya zamani, madirisha hayafungi vizuri, na akiwa uani alisikia kila neno. Alisikia muziki wa kutisha wa kufungulia kipindi, halafu sauti ya Xavery: "Sasa hapa mheshimiwa kasimama. Kavua miwani. Mkiona steringi kavua miwani, jueni mtu anakwenda kuumia." Na Tunu alicheka mpaka akakohoa.

Kipindi kiliitwa Sinema ya Baraza. Xavery alikaa kwenye vikao vya madiwani, akaandika waliyosema, kisha asubuhi akavisimulia redioni kama anayetafsiri filamu. Diwani mmoja alikuwa steringi, mwingine adui, mjadala wa mahali pa kujenga vibanda vya mitumba ukawa vita vya milima miwili. Mji ulikipenda. Vijana waliokuwa hawajui hata kata yao ina diwani gani walianza kubishana juu ya kanuni za vikao.

Kilichomuuma Mabruki ni kwamba sentensi nyingi aliweza kuzimalizia kabla Xavery hajazimalizia. Zilikuwa zake.

Kama ulikuwa kijana Tabora kati ya mwaka elfu mbili na nane na elfu mbili kumi na tatu, huhitaji kuambiwa DJ Mabu ni nani. Filamu zote za Kichina na za Kikorea zilipitia mdomoni mwake zikatoka Kiswahili. Kwenye banda la video la Gongoni watu walikaa mpaka chini, na waliokosa nafasi walisimama nje wasikilize tu. Kwake hapakuwa na Hong Kong wala Seoul. Steringi akikimbizwa na polisi, Mabu alimkatisha Stesheni, akampitisha Kanyenye, akamficha Isevya kwa shangazi yake anayepika mbaazi. Adui mkuu alikuwa siku zote ni kiongozi aliyeahidi kitu akasahau. Watu walipanda treni Igalula kuja kununua CD zake, na harusini alikaribishwa meza ya mbele.

Jambo ambalo halikutajwa sana ni kwamba Mabruki hakujua Kiingereza. Aliyejua alikuwa Xavery. Xavery alitoka Puge kuja kusoma sekondari mjini, baada ya miaka miwili ya seminari, na kwa kuwa bweni lilijaa, mama yake Mabruki, Bi Tatu, alimpa chumba cha nyuma. Alikaa miaka sita. Bandani alikaa kwenye kigoda pembeni ya Mabruki, akasoma maandishi ya chini ya filamu na kumnong'oneza maana. Mabruki aliichukua maana ile akaivisha nguo.

Halafu simu zikaja, kila mtu akawa na filamu zake mfukoni, na banda likageuzwa ghala la mahindi. Xavery alikwenda Dar es Salaam kusomea uandishi wa habari akarudi na kazi ya redio. Mabruki alibaki na gari la matangazo: pikapu yenye spika mbili juu, yeye ndani na kipaza sauti, akitangaza chanjo, mechi, mikutano na vitambulisho vilivyopotea.

Kila alipokwenda alikutana na jina la Xavery. Kinyozi alimwuliza, "Huyu si mlikuwa naye zamani?" Kijiweni kwa kahawa walimwambia rafiki yake anatisha. Mabruki alijibu ndiyo, anajitahidi. Akiwa peke yake alifungua simu na kutazama picha ambazo Xavery ameweka kwenye hali yake ya WhatsApp, lakini kwanza alizima ile sehemu inayoonyesha nani ametazama. Alizikuza. Alitaka kujua amesimama na nani, shati ni lipi, na ofisi ile ya nyuma ni ya nani.

Siku moja akiwa Cheyo na pikapu, alitia chumvi kidogo kwenye tangazo la mechi, kwa mtindo wake wa bandani. Dereva mmoja wa bodaboda alicheka akamwambia, "Braza, unamwiga vizuri yule wa redio."

Hakula mchana siku ile.

Mwaka wa uchaguzi ulipofika, Xavery alichukua fomu ya udiwani. Alikuja nyumbani Jumapili baada ya misa, amevaa shati jeupe. Bi Tatu alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekonda. Huko redioni hawali?"

Alikaa chini kwenye mkeka kama alivyokuwa akikaa zamani, akachambua mchele pamoja naye huku akieleza shida yake. Chama chao kitafanya kura za maoni Jumamosi ijayo. Wajumbe wa kata watakutana kwenye darasa la shule ya msingi, na wagombea ni watatu. Bi Tatu mwenyewe alikuwa mjumbe kwa miaka mingi.

"Kura yako siiombi, mama, itakuwa aibu kuiomba," alisema Xavery. Kisha akamgeukia Mabruki. "Nimeambiwa vyombo ni vyako, na wewe ndiye utakayeshika kipaza sauti kututambulisha. Nimefurahi sana, Mabu. Ningeogopa angekuwa mtu mwingine."

"Usijali," alisema Mabruki. "Nakujua kuliko wote."

Tunu alileta chai. Alimwambia Xavery kwamba ile ya juzi, ya mheshimiwa na miwani, ilimchekesha mpaka akaunguza vitumbua. Xavery aliangalia chini akasema, "Hiyo ya miwani ni ya mumeo, shemeji. Aliisema bandani mwaka gani sijui."

"Kweli?" alisema Tunu, aliyeolewa banda likiwa tayari ghala, na akamtazama Mabruki kwa mshangao mdogo, kama anayesikia kwamba mumewe aliwahi kucheza mpira. Xavery alikuwa amesema kweli, na bila kuombwa. Lakini Mabruki alichokishika ni ule mshangao wa mkewe, na alilala nao wiki nzima.

Jumamosi darasa lilijaa. Wazee walipewa madawati ya mbele, wanawake wa vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba, upande wa madirisha, vijana ukutani. Mabruki alivaa kanzu. Alijaribu vyombo, akatania wazee wawili watatu, na watu wakacheka, na kwa muda akawa DJ Mabu tena. Aliona jinsi nyuso zilivyomgeukia. Kwenye benchi la wagombea Xavery alikuwa amekunja karatasi mara nne na kuikunjua.

Mgombea wa kwanza alikuwa Paskazia, mwalimu mstaafu. Mabruki alimwita mwalimu wetu aliyetuchapa tukanyooka. Wa pili alikuwa Majidi, muuza mabati. Mabruki alimwita mtoto wa hapahapa, aliyezaliwa hatua ishirini kutoka msikitini, ambaye baba yake aliwashonea nguo nusu ya waliomo humu. Kisha ikafika zamu ya Xavery.

Mabruki alikuwa ameandaa utambulisho mwingine. Aliuandika kwenye simu, ulikuwa mzuri, na alikuwa na nia ya kuusema. Alisimama, akamwona mwanamke mmoja wa vikoba akimpungia Xavery mkono kwa aibu, kama msichana. Basi akaiacha simu mfukoni.

"Na sasa," alisema, kwa sauti laini kuliko zote alizowahi kutumia, "mgeni wetu kutoka Puge. Tulimpokea hapa Ng'ambo na sanduku lake la bati. Tukampa chumba, tukampa chakula, akashiba. Leo amerudi, anasema anataka kutuongoza. Tumsikilize mgeni."

Darasa lilicheka. Kilikuwa kicheko cha upendo, hata wewe ungecheka. Lakini kicheko kilipoisha, wazee wa mbele walikuwa wakimtazama Xavery kwa namna nyingine, na mmoja akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akatikisa kichwa polepole. Xavery alisimama. Alifungua karatasi yake, akasoma mstari wa kwanza, ambao ulikuwa "Mimi ni kijana wenu wa hapa," na sauti ikamkatika. Aliendelea, akasema mambo ya maana juu ya mitaro na soko, lakini aliyasema kwa haraka kama anayeomba radhi.

Majidi alipata kura sitini na moja. Xavery alipata hamsini na nne. Mwalimu Paskazia alipata kumi na tisa.

Mabruki alifungasha nyaya zake. Alitegemea kusikia raha, na aliisikia, ilidumu mpaka alipomaliza kupakia spika ya pili. Bi Tatu alikuwa anamsubiri mlangoni mwa shule. Walitembea pamoja, dereva ametangulia na pikapu, na walipovuka barabara ya lami mama akamwuliza.

"Neno mgeni ulilitoa wapi?"

"Mama, ilikuwa mizaha. Watu walicheka."

"Nimekuzaa mimi. Nakujua ukitania, na nakujua ukichoma." Alisimama kupumzisha goti. "Babu yake baba yako alifika hapa kutoka Ujiji, na Ujiji alifika kutoka Manyema. Alikuja amejitwika mzigo wa mtu mwingine, hata jina lake halikuandikwa mahali. Akapewa chumba kwenye mtaa huuhuu. Wale wazee mliokuwa mnacheka nao, mmoja baba yake alikuja na reli, mwingine anatoka Ziba, alifuata ng'ombe. Yule mtoto alikula kwangu miaka sita na hukuwahi kumwita mgeni. Umesubiri siku ya leo."

Mabruki alimpa mkono aendelee kutembea.

"Nenda ukamwambie mwenyewe," alisema Bi Tatu. "Asiambiwe na mwingine."

Alikwenda siku ya tatu. Xavery alikuwa amepanga vyumba viwili Cheyo, na Mabruki alimkuta ameketi kibarazani anakata kucha. Alimkaribisha kiti. Mabruki aliongea mambo ya jua na ya vumbi, kisha akasema, "Ule utambulisho. Sikuusema kwa bahati mbaya."

"Najua," alisema Xavery. "Nilijua ulipolainisha sauti. Bandani ulikuwa unaifanya hivyo kabla adui hajamchoma mtu kisu."

"Nilikuwa na wivu."

"Na hilo najua. Simu yangu inaniambia nani hatazami picha zangu, Mabu. Watu wote wa Ng'ambo wanatazama, isipokuwa wewe. Mtu asiyekujali kabisa husahau siku moja akatazama. Wewe unajificha."

Mabruki alijikuta anataka kucheka na hakucheka. Xavery aliweka kikata kucha chini.

"Nikuambie na langu. Miaka yote ile, filamu ikiisha watu walinipita kama nguzo, wanakuja kukushika mkono wewe. Wasichana, wazee, watoto. Mimi ndiye niliyejua filamu ilikuwa inasema nini. Kuna siku nilikunong'oneza uongo makusudi. Ile ya mfalme na ndugu yake, nilikuambia ndugu amekufa na alikuwa hajafa. Nilitaka uaibike mbele yao."

"Sikuaibika."

"Hukuaibika. Alipotokea tena ukasema ni pacha wake ametoka Igalula na treni ya asubuhi, na banda likavunjika kwa vicheko. Nilikuchukia mwezi mzima. Redioni, siku ya kwanza waliponipa kipindi, nilijua ni mtindo wako, nikaogopa kukuita kwa sababu ukija watanipita tena."

Mke wa jirani alipita akamwambia Xavery pole kwa kura, na Xavery akamshukuru.

"Umenisamehe?" aliuliza Mabruki.

"Bado," alisema Xavery. "Ulinikosesha kitu nilichokitaka sana. Na si kura tu. Siku ile mjini hapa nilijisikia kama siku ya kwanza niliyoshuka na lile sanduku. Hilo litachukua muda."

Hawakugombana. Waliagana kwa mikono miwili, na Mabruki akarudi kwa miguu.

Kabla ya mvua kuanza, Xavery alipata kazi kwenye redio moja ya Mwanza akahama. Alikuja kumuaga Bi Tatu, naye akamfungia chupa ya asali. Kwa Mabruki aliacha kitu kingine: alimtaja kwa mhariri wake, akasema kama wanataka Sinema ya Baraza iendelee, mwenye mtindo yupo. Mabruki hakujua aiite nini zawadi hiyo. Alikwenda.

Walimpa wiki mbili za majaribio. Siku ya kwanza alikuwa na maneno mengi, muziki wa kutisha ukalia, akamvua mheshimiwa miwani, akamkatisha Stesheni. Baadaye mhariri akamwuliza kwa upole mheshimiwa huyo alikuwa amesema nini hasa. Mabruki hakujua. Alipewa kabrasha la kikao, kurasa mia na kumi. Alikaa nalo mezani nyumbani, Tunu akimsaidia kwenye maneno magumu, na ukurasa wa tisa usingizi ulimchukua. Ndipo alipoelewa kwamba Xavery alikuwa amesoma makabrasha kama yale kila mwezi, yote, peke yake, na ndiyo maana vicheko vyake vilikuwa na mfupa ndani. Kuelewa huko hakukumpunguzia wivu. Kulimwongezea, maana sasa alikuwa anaonea wivu kitu cha kweli.

Wiki mbili zilipokwisha, kipindi alipewa Julieth, binti aliyekuwa amemaliza chuo hivi karibuni. Hakuwahi kuliona banda la Gongoni. Yeye alivigeuza vikao kuwa tamthilia, madiwani wakawa mawifi na mashemeji wanaogombea sebule moja.

Mabruki alirudi kwenye pikapu. Sixbert, dereva wake, hufungua redio kila asubuhi wakisubiri foleni ya mafuta, bila kumwuliza. Juzi Julieth alisimulia habari ya diwani aliyekataa kukaa mpaka kiti chake kirudishwe, na Sixbert akaegemea usukani anacheka.

"Huyu binti yuko vizuri, bosi," alisema.

Mabruki alisikiliza mpaka mwisho. Alitafuta kosa, na akaliona moja, dogo, la kanuni za kikao, kwa sababu kabrasha la mwezi huo alikuwa ameliazima redioni, ameanza kulisoma na amefika ukurasa wa arobaini.

"Yuko vizuri," alisema, na ilimuuma kusema. Kisha akawasha vipaza sauti, na wakaingia Isevya kutangaza kwamba kesho maji hayatatoka.