Vumbi la Mpondaji

Sijui niwaelezeje watu wa mjini, lakini Nyangoto kuna kelele iliyokatika, na ukimya wake ndio unaonitisha. Zamani, kabla karasha, mashine ya kusaga mawe, haijaja, akina mama ulikuwa unawasikia tangu barabarani: nyundo juu ya mawe, ko, ko, ko, huku wanataniana na kusengenya. Wachimbaji walileta mawe ya dhahabu, wao wakayaponda mpaka yakawa unga. Malipo yao? Vumbi. Unga ukishazolewa, kilichobaki kwenye gunia kilikuwa cha mpondaji, na hakuna mwanamume aliyethubutu kukigusa. Mama yangu alikikung'uta, akakiosha, akauza chembe alizopata. Hivyo ndivyo nilivyoingia sekondari.

Karasha ikaletwa na lori. Pipa la chuma, mipira ya chuma ndani, injini ya dizeli. Mawe ya kuwatoa akina mama jasho wiki nzima iliyasaga asubuhi moja. Wachimbaji wote wakahamia huko, na nani angewalaumu?

Mama alimfuata mwenye karasha, kijana mmoja wa buti, na mimi binti yake nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kazi umechukua, haya. Na vumbi letu?"

"Linalobaki ni la mashine, mama. Ndiyo utaratibu."

"We mura, mashine ina mtoto gani wa kusomesha?"

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka. Nilimchukia, nasema kweli, na mpaka leo sijamsamehe.

Wenzake mama walikwenda Nyanungu kupalilia mashamba ya watu. Yeye hakwenda. Alikaa nyuma ya jiko, akaokota mawe ya uani, mawe tu ya kawaida, akaanza kuyaponda. Nikamwambia, "Mama, hayo hayana kitu." Akanitazama kama vile hanijui.

Shule zilipofunguliwa alifunga vumbi lile kwenye kipande cha kanga, akanitia mkononi. "Ada yako hiyo. Kimbia, usichelewe."

Nilivaa sare, nikatoka. Nilikaa kwenye majani kando ya njia, fundo mapajani, mpaka wenzangu walipotoka shule, nikarudi nao.

"Wamepokea?" mama akauliza.

"Wamepokea, mama."

Jamani, alivyofurahi! Akachukua nyundo, akarudi nyuma ya jiko kuponda ada ya muhula unaofuata.