Ndege Wanne wa Darajani

Ndugu zangu wameniomba niandike habari za baba ili wajukuu wamjue. Mama akatoa sharti: "Andika mazuri yake tu." Nikamwambia Mungu anamjua baba mzima mzima, na sioni faida ya kuwapa watoto nusu ya mtu. Basi nasema baba alikuwa fundi hodari, mcheshi na mcha Mungu, na kwamba kwa miaka sita alikuwa na wivu uliomla kama nondo anavyokula sufu.

Kazi yake ilikuwa kukausha ndege katika makumbusho. Chumba chake kilikuwa cha nyuma, chenye dirisha moja, meza ndefu na makabati ya mbao. Ndege aliyekufa akiletwa, baba alimvua ngozi taratibu pamoja na manyoya yake, akaipaka dawa, akaijaza pamba, akaishona tumboni kwa uzi mwembamba kiasi kwamba ulihitaji miwani kuuona. Mwisho alifunga lebo mguuni: siku aliyopatikana, mahali, na jina la aliyemleta. Wenzake walimwita Mzee Pamba. Alirudi nyumbani akinuka dawa ya nondo, na sisi watoto tulikuwa tukisema harufu hiyo ndiyo manukato yake.

Kati ya ndege wote alimpenda mmoja, yule mweusi na mweupe anayeimba alfajiri juu ya mapaa. Sisi tunamwita karani, kwa sababu anaonekana kama amevaa koti jeusi na shati jeupe. Kila mtu amemwona karani, lakini si kila mtu amemtazama mgongo. Kaskazini ya mto wetu mgongo wake ni mweupe pe. Kusini ya mto ni mweusi tii. Tangu zamani vitabu vya makumbusho vilisema hao ni aina mbili, na baba aliwapanga katika droo mbili. Alizitunza kwa miaka ishirini na minane. Akija mgeni alimwonyesha droo hizo kabla hajampa kiti.

Sasa nimtaje Kifaranga. Alikuja kujitolea pale akiwa ametoka tu sekondari, msichana wa umri wangu na cheti kama changu. Baba ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu alikuwa akimfuata nyuma nyuma siku nzima. Alimfundisha kushona ndege. Mimi nilikuwa fundi cherehani, nashona sare za shule, na siku moja nilimwambia, "Baba, nami najua sindano. Nifundishe." Akacheka, akasema, "Mwanangu, wewe unashona nguo ya mtu atakayekwenda nayo. Huyu anashona asiyekwenda popote." Sikuona cha kuchekesha. Mezani ilikuwa Kifaranga kasema hivi, Kifaranga kauliza vile. Mama alimtania, "Huyo Kifaranga umemtaga wewe?" Wote wakacheka. Mimi nilijishughulisha na sahani yangu.

Kisha Kifaranga akapata nafasi ya kusoma ng'ambo. Alikaa miaka saba, akarudi Daktari, mkuu wa idara ya ndege. Yaani mkuu wa baba. Wenzake hawakumwacha. "Mzee Pamba, kifaranga kamzidi mama yake mbio!" Baba aliwajibu, "Kuku akikimbizwa na kifaranga wake, si aibu, ni mazoezi." Lakini nyumbani hakutania.

Mkutano wa kwanza tu, Daktari alisema karani wote ni aina moja. Wamegawanyika kwa mahali, kama ukoo uliohamia ng'ambo mbili za mto, hawa wakawa na mgongo huu na wale na mgongo ule. Mkurugenzi, mtu mzito wa kukubali, akamwambia, "Kama ni ndugu, wanapokutana watazaa watoto wa kuchanganya. Nileteeni hao. Si kwa maneno, mezani."

Mahali walipokutana palijulikana: darajani, penye miti mirefu ya kando ya mto. Daktari alikwenda mara mbili, akawaona kwa mbali, lakini hakuwa na mkono wa kutega wavu. Akamwomba baba.

Baba alikwenda safari tatu katika miaka miwili. Kila aliporudi alisema, "Sikupata kitu." Daktari alilia mbele yake baada ya safari ya pili, maana mkurugenzi alikuwa ameanza kumcheka waziwazi, na baba alimshika bega akamwambia subira ni ibada. Safari ya tatu ilikuwa ya mwisho. Mwaka uliofuata barabara ilipanuliwa, miti ya darajani ikakatwa yote, na karani wakahama pale.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba haikuwa kweli. Nilikuwa natafuta uzi mweusi katika sanduku la baba, nikafungua kopo la biskuti. Ndani walilala ndege wanne juu ya pamba. Mmoja mgongo wake ulikuwa wa kijivu. Wengine walikuwa na mabaka, jeupe likiingia jeusi kama wino uliomwagikia maziwa.

Baba alikuwa mlangoni. "Funga," akasema.

"Baba, hawa si ndio…"

"Najua ni nani."

Nilifunga. Akakaa kitandani. "Nimempa kila nilichokuwa nacho," akasema. "Mkono wangu, jicho langu. Halafu anakuja kuniambia droo zangu mbili ni moja. Ishirini na minane, mwanangu. Watasema Mzee Pamba alikuwa mlinzi wa kosa."

Ningeweza kumwambia, Baba, hii ni husuda, itubu. Nilisoma dini vya kutosha kulijua neno hilo. Sikusema. Ukweli mbele za Mungu, moyo wangu ulifurahi. Nilimwambia, "Siri yako ni yangu," na kwa mara ya kwanza nikawa na kitu cha baba ambacho Kifaranga hana.

Miaka ikapita. Baba akastaafu na kifua chake kikaharibika. Kila akisali alikuwa anachelewa kuinuka. Asubuhi moja nilimkuta na lebo mpya nne mezani. Alikuwa ameandika tarehe ya wiki ile, ili aseme amewapata karibuni. Mkono wake ulikuwa juu ya kopo.

"Nimewahi kuandika lebo elfu ngapi?" akaniuliza.

"Hata wewe hujui."

"Hakuna hata moja ya uongo." Akazichana zile mpya. Za zamani, alizozifunga mwenyewe siku ileile aliyowakausha, zilikuwa bado miguuni. Aliweza kuwaficha ndege wale, lakini hata akiwaficha hakuweza kuwaandikia uongo. "Vaa viatu. Unisindikize."

Daktari alitupokea kwa furaha, akamwita baba, "Mzee wangu." Baba hakukaa. Aliweka kopo mezani akalifungua.

Daktari aliwatazama wale ndege, uso ukang'aa. Kisha akashika lebo ya kwanza akaisoma. Ya pili. Ya tatu. Ya nne aliishika muda mrefu.

"Mwaka huu," akasema, "ndio ule niliolia humu ndani."

"Ndiyo."

"Ukanishika bega."

"Nilikuwa nao wawili tayari."

"Kwa nini, Mzee?"

"Wivu, binti yangu. Sina jina lingine la kuuita."

Daktari alivua miwani. "Tokeni nje kidogo," akasema. "Nikikutazama nitasema neno nisiloweza kulirudisha."

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini saa nzima. Baba alipumua kwa shida, na midomo yake ilikuwa ikisali. Nami nilisali, ila sala yangu ilikuwa mbaya: Mungu, amchukie. Amfukuze, baba abaki wetu.

Mlango ukafunguliwa. Macho ya Daktari yalikuwa mekundu, sauti kavu. "Ndege wapo mia tatu na kumi na sita katika zile droo. Wote watahitaji lebo za aina moja, na mwandiko wangu unaujua ulivyo. Jumatatu saa mbili. Usichelewe."

Basi miezi yake ya mwisho baba aliimalizia kule. Siku tatu kwa wiki alikwenda kwa fimbo, akaandika, akakohoa, akaandika. Daktari hakumchekea kwa muda mrefu, baba mwenyewe aliniambia. Halafu siku moja akamletea chai bila kuombwa, na baba alirudi nyumbani akitusimulia kikombe kile kama mtu aliyepewa nishani. Alimaliza lebo zote. Wiki tatu baadaye Mungu akamchukua.

Siku ya maziko Daktari alikuja peke yake. Alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, akilia kama mtoto. Viti vya mbele vilikuwa vya watoto wa marehemu, na kando yangu palikuwa na kiti kitupu. Alikiona. Nami nilimwona akikiona. Nikachukua mkoba wangu kutoka mapajani, nikauweka juu ya kile kiti.

Sijaenda kumwomba radhi. Kila nikisali mkoba ule unanijia mbele ya macho. Baba ilimchukua miaka sita. Mimi huu ni mwezi wa nne.